Hukumu Mbili za Damu ya Rwagasore

Tarehe 27 Oktoba 1962, Mahakama ya Juu ya Burundi ilitamka kwamba kesi ya mauaji ya Mwanamfalme Louis Rwagasore iliendeshwa kinyume cha haki za washtakiwa, na kwa hiyo ianze upya. Waliokuwa gerezani wakarudishwa kizimbani. Mmoja wao hakuweza kurudi. Jean Kageorgis, Mgiriki aliyefyatua risasi, alikuwa ameshauawa tangu 30 Juni mwaka huohuo, siku moja kabla ya uhuru. Wabelgiji walimtoa roho kwa hukumu iliyotokana na kesi ambayo sasa ilikuwa inafutwa.

Watu wa nyanda za juu za Kigoma, tangu Kumsenga huko Kibondo mpaka Manyovu, hawana sababu ya kuiona habari hii kuwa ya ugenini. Kiha na Kirundi ni lugha ambazo wenyewe husikilizana bila mkalimani. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inavuka kwenda Burundi kabla mzungu yeyote hajachora mstari. Hata huo ukoloni wa Kibelgiji Waha waliuonja: majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma na Kasulu mwaka 1916 yakiwafukuza Wajerumani, na ni mwaka 1921 tu ndipo Buha ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Laiti makubaliano ya wakubwa yangekwenda namna nyingine, tawala za Kiha za Heru na Muhambwe zingekuwa zinaamriwa kutoka Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, na mahakama ninayoieleza hapa ingekuwa mahakama yao.

Rwagasore alizaliwa mwaka 1932 Gitega, mwana mkubwa wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare, kisha akapelekwa Ubelgiji. Aliporudi hakukaa ikulu kusubiri zamu ya kuamkiwa. Alianzisha vyama vya ushirika, na waliomzunguka kwanza walikuwa wafanyabiashara Waswahili wa Usumbura, Waislamu wa mitaa kama Buyenzi, watu ambao serikali ya kikoloni iliwatazama kwa jicho la pembeni. Kwa hao alikopa nguvu, lugha ya mjini na njia za kwenda Kigoma na Dar es Salaam. Chama chake, UPRONA, kilipata msaada wa TANU, na Mwalimu Nyerere alimhesabu kuwa rafiki. Kwa Wabelgiji, urafiki huo ulitosha kumwita mkomunisti, ingawa aliyeitwa hivyo alikuwa mtoto wa mfalme na Mkatoliki aliyebatizwa.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, wa zamani kuliko vyama. Ukoo wa kifalme wa Burundi ulikuwa na matawi, na mawili kati yake hayakupikika chungu kimoja: Wabezi, wazao wa Mwezi Gisabo, ambao ndio Mwambutsa na mwanawe, na Watare, wazao wa Ntare Rugamba kwa matawi mengine. Kinara wa Watare alikuwa Pierre Baranyanka, chifu aliyependwa na Wajerumani na baadaye Wabelgiji. Wanawe wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, ndio waliokiongoza chama cha PDC, mshindani wa UPRONA. Biroli alikuwa msomi wa Ulaya. Ntidendereza alikuwa mwanasiasa wa kufanya mambo yaende, na Wabelgiji walipounda serikali ya muda mwanzoni mwa 1961 yeye ndiye aliyepewa wizara ya mambo ya ndani. Rwagasore alikuwa amewekwa kizuizini mwezi Oktoba 1960 wakati uchaguzi wa mitaa unakaribia, na PDC ikaongoza. Kila kitu kilikuwa kimepangwa vizuri, isipokuwa wapiga kura.

Tarehe 18 Septemba 1961, mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa, UPRONA ilichukua viti 58 kati ya 64. Siku kumi baadaye Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Alishika kazi hiyo kwa wiki mbili na siku moja. Usiku wa 13 Oktoba alikuwa anakula chakula katika hoteli iitwayo Tanganyika, kando ya ziwa, akapigwa risasi mezani. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Siri ya mauaji haikudumu. Ndani ya siku chache Kageorgis alikuwa mikononi mwa polisi, na alikiri. Akawataja wenzake: Ntidendereza na Biroli kuwa ndio waliotaka jambo lifanyike, Michel Iatrou, Mgiriki mwenzake na tajiri wake, na vijana wa Kirundi waliohusika naye katika tendo lenyewe, miongoni mwao Antoine Nahimana na Ntakiyica. Kwa hiyo suala la nani alifyatua halikubishaniwa kamwe. Kilichobishaniwa tangu siku ile hadi leo ni ngazi: ilipanda mpaka wapi? Iliishia kwa wana wa Baranyanka, au ilikuwa na vidato vingine juu yao, ndani ya ofisi za serikali ya Ubelgiji?

Umoja wa Mataifa uliliona swali hilo mapema. Kabla Oktoba haijaisha, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1627 likiitaka tume yake ya Ruanda-Urundi, chini ya Max Dorsinville wa Haiti, iende kuchunguza kifo hicho. Lakini tume haina pingu. Mwenye pingu alikuwa yuleyule aliyekuwa anaulizwa.

Jina linalorudi mara kwa mara ni la Roberto Régnier, Rezidenti wa Burundi, yaani msimamizi wa nchi hiyo chini ya Jean-Paul Harroy aliyeitawala Ruanda-Urundi yote. Inadaiwa kwamba siku chache baada ya uchaguzi, katika mkutano wa maofisa, Régnier alisema maneno yenye maana kwamba dawa ya tatizo ni kumuua Rwagasore. Madai hayo yametoka kwa watu waliokuwa karibu naye kazini, na watafiti wa baadaye, kama Guy Poppe na Ludo De Witte, wameyafuatilia katika nyaraka za Ubelgiji na za Uingereza. Je, neno lililosemwa ofisini kwa hasira ni amri? Je, linafika kwa wauaji kama idhini? Mwanasheria wa utetezi angeweza kulipangua kwa dakika kumi. Hoja yangu ni kwamba hakupata nafasi ya kulipangua, kwa kuwa Régnier hakuwahi kushtakiwa.

Kesi ya kwanza ilisikilizwa Usumbura chini ya sheria na mahakimu wa Kibelgiji. Hukumu ilisomwa 2 Aprili 1962. Walihukumiwa, wakakata rufaa, na mahakama ya rufaa ikatoa uamuzi wake 7 Mei. Vumbi lilipotulia, aliyebaki na hukumu ya kifo alikuwa Kageorgis peke yake. Ntidendereza, Biroli na wengine walibaki na vifungo.

Mgawanyo huo ulimkasirisha kila mtu kwa sababu yake. Kwa wafuasi wa UPRONA ulikuwa na harufu ya mizani iliyochezewa: mtumwa wa tendo anauawa, bwana wa tendo anafungwa, na kifungo hutazamia mlango. Wiki chache tu zilikuwa zimebaki kabla ya bendera kushushwa. Nani angeamini kwamba Brussels ingewaacha vipenzi wake waoze gerezani? Kwa upande mwingine, watu wa PDC walisema kwamba hukumu nzima ilisimama juu ya mdomo wa muuaji aliyekuwa na kila sababu ya kugawa mzigo wake kwa wengine.

Halafu likaja suala la msamaha. Ubelgiji ilikuwa nchi ambayo nyumbani kwake haikuwa imemuua mtu kwa hukumu ya mahakama tangu 1950, na hata huyo wa mwisho alikuwa Mjerumani wa makosa ya vita. Adhabu ya kifo ilibaki kwenye vitabu, mfalme akaendelea kusamehe. Kageorgis hakusamehewa. Sababu zake za kisiasa si ngumu kuziona: Wazungu wa Usumbura walikuwa wengi, uhuru ulikuwa kesho, na kumwacha hai mzungu aliyemuua shujaa wa taifa kungewaacha wote katika hatari. Basi tarehe 30 Juni ikatekelezwa hukumu, na 1 Julai Mwami Mwambutsa akaipokea nchi huru.

Nikiitazama tarehe hiyo sioni ukali wa sheria tu. Naona pia manufaa ya ukali wenyewe. Mtu aliyekufa siku hiyo ndiye aliyekuwa uti wa ushahidi wote. Ni yeye aliyesema nani alimtuma. Kama kulikuwa na lolote alilolijua juu ya ofisi za wakubwa, alikwenda nalo. Sina haja ya kudai kwamba aliuawa ili anyamaze. Mantiki ya kuogopa ghasia inatosha kueleza uharaka ule. Lakini matokeo hayabadiliki kwa kubadili nia.

Serikali mpya iliongozwa na André Muhirwa, na hapa historia ina kejeli yake. Muhirwa kwa kuzaliwa alikuwa Mtare, wa tawi lilelile la washtakiwa. Ila alikuwa amemwoa binti wa Mwambutsa, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yake, na chama kilikuwa cha marehemu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuonekana legelege katika kesi ya damu. Miezi michache baada ya uhuru ikaundwa Mahakama ya Juu, nayo ikapewa uwezo wa kushika mashauri yaliyokwisha kuamuliwa kabla yenyewe haijazaliwa.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama, hata ile ya mwanzo ya kata, atashtuka hapo. Kanuni ya kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa lilelile si pambo la wanasheria. Imewekwa kwa sababu dola ina muda na fedha za kujaribu tena na tena mpaka ipate jibu inalolitaka, na mshtakiwa hana. Burundi ilizunguka kanuni hiyo kwa mlango ambao, lazima nikiri, ulikuwa wa werevu. Haikusema kwamba adhabu ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilisema kwamba washtakiwa walinyimwa haki yao. Katika kesi ya kwanza hapakuwa na juri, baraza la raia wa kawaida wanaosikiliza ushahidi na kuamua kama mtu ana hatia au hana, ilhali katiba iliyokuwa ikitumika iliahidi hivyo. Wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na majaji wa Tanganyika walikuwa wanatoa maoni tu, na jaji aliweza kuyaweka pembeni. Juri si hivyo. Neno lake ndilo neno.

Kwa hiyo haki iliyodaiwa kwa jina la washtakiwa ndiyo iliyowapeleka kwenye kitanzi. Kisheria, hoja ya juri ilikuwa na miguu: kama katiba inataka juri na juri haikuwapo, kesi ina kasoro, na kasoro hiyo haiponi kwa sababu umma una hasira. Lakini mahakama inayofuta kesi kwa ajili ya haki ya mshtakiwa kwa kawaida humwacha mshtakiwa mahali pazuri kuliko alipokuwa. Hapa watu waliokuwa na vifungo walirudishwa kwenye hatari ya kifo, mbele ya raia waliochaguliwa katika nchi ambayo marehemu alikuwa ameshakuwa kitu kikubwa kuliko mwanasiasa. Ungempata wapi Mrundi wa Novemba 1962 asiyekuwa na maoni tayari juu ya nani alimuua Rwagasore? Vijana wa chama, waliojiita kwa jina lake, walikuwa wameshaonyesha mwezi Januari mwaka huo huko Kamenge, kitongoji cha Usumbura, walipowashambulia na kuwaua wanaharakati wa Kihutu, kwamba walikuwa tayari kufanya kazi ya polisi, mwendesha mashtaka na mnyongaji kwa mkupuo mmoja. Mwanajuri aliyetoka hapo kurudi mtaani kwake alijua anarudi kwa nani.

Na shahidi hakuwapo. Maneno ya Kageorgis yalikuwa yamebaki kwenye karatasi, na karatasi haiulizwi swali. Wakili hawezi kuiambia: rudia hapo, ulisema alikutuma lini, mlikutana wapi, nani mwingine alikuwa chumbani? Kwa Ntidendereza, ambaye siasa yake yote ilimweka karibu na Wabelgiji, hasara hiyo ilikuwa na pande mbili. Aliyemshtaki hakuweza kubanwa. Na kama kweli alikuwa na wakubwa nyuma yake, aliyeweza kuthibitisha hivyo pia hakuwapo.

Tarehe 27 Novemba 1962, mwezi mmoja kamili baada ya kesi ya kwanza kufutwa, hukumu ilitoka. Wana hatia. Kifo kwa watano: Ntidendereza, Biroli, Iatrou, Nahimana na Ntakiyica. Mwezi mmoja kwa kesi ya kumuua Waziri Mkuu, yenye ndugu wawili wa ukoo wa kifalme kizimbani, ni muda wa haraka mno, na hata anayeamini kwamba watano hao walikuwa na hatia, nami naelekea kuamini hivyo kwa waliokuwa karibu zaidi na tendo, hapaswi kuusifu.

Rufaa ilikataliwa mapema Januari. Ubelgiji ikaomba huruma. Ombi hilo lilikuwa halali kwa tamko na gumu kulipokea kwa mdomo ulioliomba: serikali iliyomuua Kageorgis miezi sita nyuma kwa jambo hilohilo sasa ilikuwa inawaeleza Warundi juu ya thamani ya uhai. Uamuzi ulikuwa wa Mwambutsa. Alikuwa mfalme, na mfalme husamehe. Alikuwa pia baba wa marehemu. Sheria ilikuwa imemkabidhi baba wa maiti uamuzi juu ya roho za waliotuhumiwa kumuua mwanawe, na ajabu ni kwamba mtu yeyote alitarajia jibu lingine. Hakusamehe.

Walinyongwa hadharani Gitega tarehe 15 Januari 1963, mbele ya maelfu ya watu. Mahali hapo palichaguliwa kwa maana. Gitega ndiko alikozaliwa Rwagasore, na ndiko ulikokuwa moyo wa ufalme. Wabelgiji walimuua Kageorgis Usumbura, mji wa utawala wao. Warundi waliwaua wa kwao katika mji wa mfalme, na walitaka watu waone.

Waliotarajia kwamba kamba tano zingefunga kitabu walikosea hesabu. Ntidendereza na Biroli walikuwa na ukoo, na ukoo ulikuwa na kumbukumbu. Zaidi ya hapo, UPRONA ilikuwa imempoteza mtu pekee aliyeweza kuwaweka Wahutu na Watutsi katika chama kimoja bila kila upande kuuliza ni nani amepewa kiti. Juni 1963 Muhirwa aliondoka, akaja Pierre Ngendandumwe, Mhutu wa UPRONA. Alitolewa mwaka uliofuata, akarudishwa Januari 1965, akauawa kwa risasi siku chache baadaye alipokuwa anatoka hospitali kumwona mkewe aliyejifungua. Ilikuwa 15 Januari, miaka miwili kwa tarehe tangu Gitega. Waliokamatwa kwa mauaji hayo waliachiwa baadaye kwa kukosa ushahidi. Mahakama iliyokuwa na haraka mwaka 1962 sasa haikuwa nayo.

Mwaka 1966 ufalme uliangushwa. Mwaka 1972 damu ilimwagika kwa kiasi ambacho Kasulu na Kibondo walikijua kwa macho, watu walipoanza kuvuka mpaka na watoto mgongoni. Majina ya kambi zilizofuata katika miongo ya baadaye, Mtabila, Nyarugusu, Nduta, Mtendeli, yanajulikana kwa kila mwenye duka la pembezoni Kigoma. Sisemi kwamba hayo yote yalitoka katika chumba kimoja cha mahakama. Nchi haivunjiki kwa hukumu moja. Ila kesi ya Rwagasore ilikuwa nafasi ya kwanza ya Burundi huru kuonyesha namna itakavyowatendea wanasiasa walioshindwa.

Faili halikufungwa Brussels wala Bujumbura. Oktoba 2018 serikali ya Burundi ilitangaza wazi kwamba inaihesabu Ubelgiji kuwa ndiyo yenye mkono katika kifo cha Rwagasore, na ikasema itaunda tume ya wataalamu. Ni tamko lililotoka wakati uhusiano wa Bujumbura na Ulaya ulikuwa mbaya kwa sababu nyingine kabisa, na msomaji ana haki ya kulipokea akijua hivyo. Ubelgiji nayo, kuanzia 2020, ilikuwa na tume ya bunge juu ya ukoloni wake Kongo, Rwanda na Burundi. Wataalamu waliandika, mashahidi walisikilizwa, na Desemba 2022 wabunge wakaachana bila kukubaliana juu ya kuomba radhi.

Watafiti wanaendelea kufukua barua za Harroy, kumbukumbu za vikao na taarifa za mabalozi. Kazi hiyo ni ya maana, lakini kwangu kipande kizito zaidi cha faili zima ni zile siku 54 kati ya uamuzi wa rufaa wa 7 Mei na 30 Juni 1962. Katika siku hizo Kageorgis alikuwa hai, gerezani, akiwa hana rufaa tena ya kuilinda kwa uongo. Alikuwa kilomita chache tu kutoka ofisi za watu ambao majina yao yalikuwa yanatajwa, na mwenye ufunguo wa gereza alikuwa mwajiri wao.